Karatasi ikisema sifuri: homoni, upasuaji, mbegu za mchangiaji au kuasili?

Karatasi yangu ya majibu ya kipimo cha shahawa niliifungua kwenye ngazi za jengo moja la Upper Hill, Nairobi, mvua ya Aprili ikimwagika nje. Sikuweza kungoja nifike kwa daktari. Macho yalikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa mbegu kwa mililita, nikakuta hakuna hata moja iliyoonekana. Mstari ule niliusoma mara nne. Kisha nikapanda matatu, nikaenda kazini, nikafanya kazi hadi jioni. Mke wangu sikumwambia kwa siku tisa.

Nilipomwambia alikuwa anakatakata vitunguu. Alizima jiko, akanyamaza kidogo, akasema, "Basi twende wote kwa daktari. Siku tisa hizo ungekuwa umelala vizuri."

Haya nayaandikia mwanamume aliye ndani ya siku kama zile, pamoja na mkewe kama ameshajua. Mbele yenu kuna njia nne za kweli: kutibu homoni, kutafuta mbegu ndani ya korodani na kuzitumia maabarani, kutumia mbegu za mchangiaji, au kuasili mtoto. Nimekaa kwenye viti vya kliniki nikisubiri muda mrefu wa kutosha kujua kwamba watu wengi Nairobi huchagua njia kwanza, kwa kusikia kwa rafiki au kwa kuangalia mfuko, kisha ndipo wanapima. Mpangilio huo huwatia hasara. Homoni na jeni zako ndizo zinazosema ni milango ipi iko wazi.

Kwanza tutenganishe mambo mawili

Mjini kwetu uzazi wa mwanamume na nguvu za kiume huuzwa kwenye meza moja. Ukipita kituo cha mabasi cha Machakos Country Bus utakuta mizizi ya mukombero imefungwa mafungu mafungu, na hatua chache mbele kuna tangazo kwenye mlingoti wa stima linaloahidi nguvu na watoto kwa nambari moja ya simu.

Mwili hauko hivyo. Kusimama kwa uume ni kazi ya mishipa ya damu na neva, na mara nyingi kinachoiharibu ni kisukari, shinikizo la damu na sigara. Hamu ya tendo hutegemea sana testosteroni. Kutengeneza mbegu ni kazi ya tatu. Hufanyika ndani ya vijirija vyembamba vya korodani, na mbegu moja huchukua siku 74 hivi kuumbika, kisha wiki moja au mbili kusafiri hadi nje. Mbegu ni sehemu ndogo mno ya shahawa. Kwa hiyo mwanamume anaweza kuwa na hamu, akasimama vizuri, akamwaga shahawa za kawaida kwa macho, na ndani yake kusiwe na mbegu hata moja. Mwingine ana kisukari, tendo linamshinda, na mbegu anazo kwa mamilioni. Dawa ya huyu haimfai yule.

Sindano iliyonifungia mlango

Kabla ya karatasi ile nilikuwa nimechoka kwa muda, hamu imepungua, usingizi wa shida. Kijana wa kemisti moja mtaani kwetu aliniambia, "Boss, hii itakurudisha ujana," akanidunga testosteroni bila kunipima chochote. Nikarudi kila baada ya wiki mbili, miezi saba. Nilijisikia vizuri kweli, na hapo ndipo mtego ulipo.

Kichwani, chini ya ubongo, kuna tezi ya pituitari. Hutuma wajumbe wawili kwenda kwenye korodani: LH, inayoamuru testosteroni itengenezwe, na FSH, inayoziamsha seli zinazolea mbegu. Ukijidunga testosteroni kutoka nje, ubongo unaona damu imejaa, unawaita wajumbe wote wawili warudi. Kiasi cha testosteroni ndani ya korodani kwenyewe, ambacho kwa kawaida ni kikubwa mara nyingi kuliko cha kwenye damu, kinaporomoka, na kiwanda cha mbegu kinazimika. Shirika la Afya Duniani lilitumia jambo hilihili kujaribu uzazi wa mpango wa wanaume. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990, wanaume walidungwa miligramu 200 kila wiki, na zaidi ya nusu yao mbegu ziliisha kabisa ndani ya miezi sita.

Kwa hiyo testosteroni haimo kwenye orodha ya njia za kupata mtoto, hata kama inauzwa kwa jina hilo. Vivyo hivyo sindano za kujenga misuli zinazopitishwa kwenye baadhi ya jimu. Ukiacha, wengi hurudi kutengeneza mbegu ndani ya miezi sita hadi kumi na miwili, wengine huchukua miaka miwili, na wachache hawarudi walipokuwa. Zangu zilianza kuonekana mwezi wa kumi, chache mno. Ndipo daktari akaagiza vipimo vyote, vile ambavyo vingepaswa kutangulia sindano ya kwanza.

Vipimo vinavyofungua na kufunga milango

Shahawa hupimwa mara mbili, kukiwa na wiki kadhaa katikati, baada ya kujizuia siku 2 hadi 7. Homa kali ya wiki chache zilizopita inaweza kuyaharibu majibu ya leo. Kabla maabara haijasema sifuri, inapaswa kuizungusha sampuli kwenye mashine ili mbegu chache zilizojificha zizame chini zionekane. Uliza kama wamefanya hivyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaweka mpaka wa chini kwenye mbegu milioni 16 kwa mililita, milioni 39 kwa shahawa yote, na asilimia 42 zinazotikisika. Mipaka hii imetokana na wanaume waliopata mtoto ndani ya mwaka mmoja. Walio chini yake wapo wanaozaa pia.

Homoni hupimwa asubuhi, kabla ya saa nne, kwa sababu testosteroni hupanda alfajiri na kushuka mchana. Omba testosteroni, LH, FSH na prolaktini, homoni nyingine ya pituitari. Testosteroni ikiwa chini, irudiwe siku nyingine.

Kisha daktari akushike. Wanaume wengi hukwepa hatua hii, na ni ya bei rahisi kuliko zote. Daktari wangu alitoa kwenye droo mkufu wa mayai ya plastiki, dogo kabisa kama punje ya mahindi, kubwa kabisa limezidi yai la kware, kila moja limeandikwa mililita zake. Alilinganisha mayai yale na korodani kwa vidole. Ya mtu mzima huwa mililita 15 au zaidi. Zilizo chini ya 6 na ngumu humfanya daktari afikirie jeni mara moja. Alitafuta pia mrija wa kupitishia mbegu, ambao hushikika kama kamba ya nailoni chini ya ngozi, na mishipa iliyovimba, ambayo ni ya kawaida kwa wanaume wenye shida ya uzazi na huweza kufungwa kwa upasuaji.

Mwisho ni jeni, ambazo hupimwa kwa damu. Kipimo cha kwanza huhesabu kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba jeni; cha pili hutafuta vipande vilivyokatika kwenye kromosomu Y, ile ya kiume. Huagizwa pale mbegu zinapokosekana kabisa au zinapokuwa chache sana, hasa FSH ikiwa juu. Kabla ya kulipa, uliza kama sampuli inapimwa hapa au inasafirishwa nje ya nchi, kwa sababu hilo ndilo litakaloamua utasubiri siku au wiki.

Majibu huangukia kwenye picha tatu. Ya kwanza: testosteroni chini, LH na FSH chini, korodani ni nzima ila amri haifiki. Ya pili: FSH juu, korodani ndogo, amri inapigwa kwa kelele lakini kiwanda chenyewe kimechoka, na mara nyingi sababu ni jeni, au matubwitubwi ya ukubwani, au korodani ambayo haikushuka utotoni. Ya tatu: homoni sawa, korodani sawa, ila shahawa ni kidogo au hazina mbegu, hapo shuku njia imeziba au mrija haupo tangu kuzaliwa.

Vigezo

Njia zote nne nitazipima kwa maswali yaleyale: inamfaa mwenye picha ipi, uwezekano ukoje, inachukua muda na pesa kiasi gani, mtoto anarithi nini, na inaufanyia nini mwili wako na ndoa yako. Swali la mwisho huachwa na watu wengi, nami naliona zito kama mengine.

Njia ya kwanza: kutibu homoni

Inamfaa nani. Mwenye picha ya kwanza. Mfano wake ulio wazi ni ugonjwa wa Kallmann, uliopewa jina la daktari aliyeueleza mwaka 1944. Ubongo wa mtu huyu haukutuma amri tangu mwanzo: ndevu hazikuota vizuri, sauti ilichelewa kuvunjika, na mara nyingi hasikii harufu. Muulize mama yake kama mtoto aliwahi kuitwa jikoni na harufu ya maandazi. Wengine prolaktini imepanda kwa sababu ya uvimbe mdogo kwenye pituitari. Hao huumwa kichwa, hukosa hamu, na mara nyingine macho hupungua uwezo wa kuona pembeni. Na wapo waliozimwa na sindano, kama mimi.

Uwezekano. Kwa picha ya kwanza, mzuri kuliko njia yoyote ya tiba. Mwenye Kallmann hudungwa hCG, inayofanya kazi ya LH, mara mbili au tatu kwa wiki, na baadaye huongezewa FSH. Wengi huanza kuonyesha mbegu. Wengi wao hata milioni 16 hawazifikii na bado wake zao hupata mimba, kwa kuwa mbegu zenyewe ni nzima. Mwenye prolaktini ya juu hupewa vidonge vya kabegolini, na mara nyingi hamu na mbegu hurudi pamoja. Klomifeni, kidonge kilichotengenezwa kwa ajili ya wanawake, hutumiwa na madaktari kuushtua ubongo wa mwanamume utume LH na FSH zaidi; testosteroni hupanda kwa wengi, mbegu kwa baadhi. Ila FSH yako ikiwa tayari juu, dawa hizi ni sawa na kumpigia kelele mfanyakazi ambaye tayari anasikia.

Muda na pesa. Hapa ndipo uvumilivu unapohitajika. Miezi 6 ndiyo mwanzo, na kwa Kallmann inaweza kufika 24. Klomifeni ni nafuu. Sindano za hCG si nafuu, na za FSH ni ghali zaidi. Mara nyingi sindano hizi zinahitaji kuwekwa kwenye friji, kwa hiyo mtaa ambao stima hupotea mara kwa mara panga mapema mahali pa kuziweka.

Mtoto anarithi nini. Jeni zenu nyote wawili. Kallmann inaweza kurithiwa, kwa hiyo zungumza na daktari wa jeni kabla, lakini mtoto akijulikana mapema hutibika mapema.

Mwili na ndoa. Njia pekee kati ya nne inayokutibu wewe mwenyewe: hamu, misuli, mifupa, hali ya moyo. Mimba nayo inaweza kuingia kitandani mwenu. Mzigo kwa mke ni mdogo.

Njia ya pili: kutafuta mbegu ndani ya korodani

Inamfaa nani. Mwenye picha ya pili au ya tatu. Kwenye picha ya tatu, korodani imejaa mbegu na mlango umefungwa. Sindano nyembamba huzichota. Kwenye picha ya pili daktari hufungua korodani chini ya hadubini, akapekua vijirija kimoja kimoja akitafuta vilivyonona na vyeupe, ambavyo huenda vina mbegu. Upasuaji huu uliwekwa wazi mwaka 1999. Mbegu ikipatikana, huingizwa moja kwa moja ndani ya yai, mbegu moja kwa yai moja, kwa njia ya ICSI, ambayo watoto wake wa kwanza waliripotiwa kutoka Brussels mwaka 1992. Kenya ilipata watoto wake wa kwanza wa kutungwa maabarani mwaka 2006, hapahapa Nairobi.

Uwezekano. Jeni ndizo zinazotoa jibu hapa, na ndiyo maana nasisitiza kipimo kitangulie kisu. Kromosomu Y ina maeneo matatu yanayohusika na mbegu, AZFa, AZFb na AZFc. Likikatika lote AZFa au AZFb, uwezekano wa kupata mbegu ni kama haupo, na daktari mwadilifu atakuambia usilipie upasuaji. Likikatika AZFc, takriban nusu hupata mbegu, na wengine wanazo chache hata kwenye shahawa. Wenye kromosomu XXY, hali aliyoieleza Harry Klinefelter mwaka 1942 na ambayo kromosomu yake ya ziada ilitambuliwa 1959, ni kama mvulana mmoja kati ya 600. Wengi hawajui mpaka siku wanapotafuta mtoto. Nao karibu nusu hupata mbegu kwa hadubini. Mlango ukiwa umezibwa tu, mbegu hupatikana karibu kila mara.

Lakini kupata mbegu si kupata mtoto. Kuanzia hapo umri wa mke ndio unaotawala: uwezekano hushuka baada ya miaka 35, na baada ya 40 hushuka kwa kasi.

Muda na pesa. Mzunguko mmoja wa maabara ni wiki chache, lakini maandalizi ni miezi. Pesa ni laki kadhaa kwa mzunguko, upasuaji wa mwanamume ukihesabiwa kando, na wengi huhitaji zaidi ya mzunguko mmoja. Nimewafahamu watu waliouza kiwanja Kitengela kwa mzunguko wa kwanza, wakakosa cha pili. Kama pesa zenu zinatosha jaribio moja tu, semeni hivyo kwa daktari siku ya kwanza, ili muulize pia kuhusu kugandisha mbegu na viinitete, yaani mayai yaliyokwisha kutungishwa, vitakavyobaki.

Mtoto anarithi nini. Jeni zenu nyote, na hapo kuna la kufikiria. Mwenye AZFc humpa kila mtoto wa kiume kromosomu Y ileile, kwa hiyo mvulana huyo naye huenda akahitaji daktari siku moja. Watoto wa kike hawaipati. Mwenye mrija uliokosekana tangu kuzaliwa huenda amebeba mabadiliko kwenye jeni ya CFTR. Hali hiyo ni ya kawaida zaidi kwa watu wenye asili ya Ulaya, lakini ikionekana, mke apimwe pia, maana wote wawili wakiwa wabebaji mtoto anaweza kupata ugonjwa mzito wa mapafu na kongosho.

Mwili na ndoa. Korodani huuma kwa siku kadhaa, na testosteroni inaweza kushuka kwa miezi, hasa kwa mwenye XXY, kwa hiyo ipimwe baada ya upasuaji. Mwenye XXY mara nyingi huhitaji testosteroni maishani kwa ajili ya mifupa na hamu. Mpangilio wake ni huu: mbegu zitafutwe na kugandishwa kwanza, testosteroni ifuate. Na hapa mke ndiye anayebeba sehemu kubwa. Tatizo liko kwako, sindano za kila siku tumboni na kuvutwa mayai ni kwake. Mpe haki ya kusema inatosha.

Njia ya tatu: mbegu za mchangiaji

Inamfaa nani. Mwenye AZFa au AZFb, aliyepasuliwa pasipo kupatikana kitu, au ambaye hataki au hawezi kulipia njia ya pili.

Uwezekano. Mke akiwa na mirija mizima na umri mzuri, mbegu huwekwa kwenye mji wa mimba kwa mpira mwembamba bila upasuaji wala dawa kali. Mbegu za mchangiaji huhifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri, na mchangiaji anapaswa kupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini na magonjwa ya kurithi kama selimundu. Omba kuona ushahidi wa vipimo hivyo.

Muda na pesa. Ni sehemu ndogo ya gharama ya njia ya pili, na kila mwezi mnaweza kujaribu.

Mtoto anarithi nini. Nusu yake ni ya mama. Nusu nyingine mnaichagua kwa karatasi: kundi la damu, kimo, rangi. Mtoto huyu atakua katika dunia ya vipimo vya DNA, na hata somo la makundi ya damu shuleni linaweza kumletea swali mezani. Amueni mapema kama mtamwambia na lini. Katika baadhi ya jamii zetu wazee walikuwa na jibu lao: ndugu wa mume aliitwa kimyakimya, mtoto akawa wa boma. Kliniki ina karatasi mahali ambapo wazee walikuwa na ukimya, na karatasi ina faida yake. Tieni sahihi nyote wawili, na mpelekeeni wakili aisome. Mswada wa teknolojia ya uzazi saidizi umepiganiwa na Mbunge Millie Odhiambo kwa miaka mingi. Mwulizeni wakili sheria inasemaje siku mnayotia sahihi.

Mwili na ndoa. Mwili wako hauguswi, moyo unaguswa sana. Wapo wanaume waliokubali haraka ili kumaliza aibu, kisha wakashindwa kumshika mtoto. Chukua muda. Dini nayo ina neno: maulamaa wengi wa Sunni huruhusu maabara kwa mume na mke walio katika ndoa na hukataza mbegu za mtu wa tatu. Kanisa Katoliki, katika hati ya Vatikani ya 1987, lilikataa mchangiaji na pia utungishaji wa maabarani. Zungumzeni na imamu au padri mnayemwamini kabla ya kulipa.

Njia ya nne: kuasili

Inamfaa yeyote ambaye hamu yake kubwa ni kulea, na haiulizi FSH yako. Sheria ya Watoto ya 2022 ndiyo inayoongoza. Mwombaji awe na miaka 25 au zaidi na amzidi mtoto kwa angalau miaka 21. Hupitia kwa shirika la kuasili lililosajiliwa, hukaa na mtoto kwanza kwa angalau miezi mitatu, kisha mahakama hutoa amri. Baada ya hapo ni mtoto wako kamili, urithi ukiwemo. Kwa Waislamu sheria hiyo inatambua kafala, ambapo unamlea mtoto naye akabaki na nasaba yake. Gharama ni ndogo kuliko maabara. Muda ni wa kuhesabu kwa miezi mingi, na maafisa watakuja kuiona nyumba yenu. Mtoto hurithi kwenu lugha, adabu na jina, na historia yake ya afya huenda isijulikane yote.

Mwili hauguswi. Lakini usiache vipimo kwa sababu umechagua njia hii. Testosteroni ya chini hula mifupa na hamu, na FSH ya juu inaweza kuwa dalili ya XXY ambayo hujaijua. Hapa, na kwenye njia ya tatu, ile testosteroni niliyoilaumu inaweza kuwa dawa halali: ikiandikwa na daktari, damu ikipimwa isije ikawa nzito mno, na mkiwa na hakika hamzitaki mbegu zako tena.

Kwa hali yako

Kama unajidunga testosteroni au dawa za misuli, mwambie daktari ukweli kwanza. Usinunue njia nyingine yoyote mpaka uache kwa usimamizi wake na mbegu zipimwe tena kila miezi mitatu hivi. Huenda huna ugonjwa mwingine.

Kama homoni zote ziko chini na mke ana miaka 28, njia ya kwanza inastahili mwaka mzima wa subira. Mke akiwa na 39, subira hiyo inakula mayai yake. Muulizeni daktari kama mtaanza ya kwanza na kujiandaa kwa ya pili kwa wakati mmoja.

Kama FSH iko juu na jeni hazijapimwa, simamisheni upasuaji wowote mpaka majibu yatoke. Yakisema AZFa au AZFb, pesa ya kisu iende kwenye njia ya tatu au ya nne. Yakisema AZFc au XXY, na mkifurahia kujaribu, njia ya pili ni ya haki, mradi mmekubaliana mapema ni majaribio mangapi.

Kama dini yenu inakataza mtu wa tatu, chaguo ni kati ya ya kwanza, ya pili kwa wanaoiruhusu, na kafala au kuasili. Kama mmechoka baada ya mizunguko miwili, kupumzika miezi sita ni uamuzi pia.

Kama shida kubwa ni kusimama na mbegu zipo, hamko kwenye makala hii kabisa: pimeni sukari, shinikizo la damu na testosteroni ya asubuhi, kwa maana kushindwa kusimama wakati mwingine ndiyo dalili ya kwanza ya mishipa ya moyo inayoziba.

Nina binti wa miaka miwili. Alikuja kwa njia mojawapo kati ya hizi nne, na ni ipi nitamwambia yeye kwanza.

Na kama karatasi umeipata leo, weka miadi ya kipimo cha pili cha shahawa wiki tatu au nne zijazo, na kesho kutwa asubuhi, saa mbili, kabla ya chai, nenda ukatolewe damu ya homoni. Nenda na mkeo.